Mivukuto Mizima, Mkono Uliochoka: Upumuaji katika Ugonjwa wa Neva za Mwendo

Tangu miaka ya UVIKO-19, kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma kiwango cha oksijeni katika damu kimekuwa kitu cha kawaida hata majumbani. Namba ikiwa 95 au zaidi watu hutulia, na ikishuka chini ya 90 hutafutwa gari la kwenda hospitali. Kwa nimonia, kanuni hiyo haina ubaya. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, hata hivyo, namba hiyo inaweza kubaki 96 kwa wiki nyingi huku upumuaji wake umeshaanza kushindwa, na jamaa zake wakaendelea kudhani kwamba maumivu ya kichwa ya kila asubuhi ni malaria, kwamba usingizi wa mchana ni uchovu wa kuugua, na kwamba ndoto za kutisha za usiku zina asili nyingine kabisa.

Kosa hilo si la uzembe. Linatokana na picha ambayo karibu sote tunayo, kwamba anayepumua kwa shida ana mapafu mabovu na dawa yake ni oksijeni. Katika ugonjwa huu mapafu kwa kawaida ni mazima. Kinachoharibika ni kile kinachoyaendesha.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1869, na Wamarekani wengi huuita kwa jina la Lou Gehrig, mcheza besiboli aliyefariki kwa maradhi hayo mwaka 1941. Unashambulia chembe za neva zinazobeba amri za mwendo kutoka kwenye ubongo, kupitia ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo, hadi kwenye misuli. Chembe hizo zikifa, msuli uliokuwa ukipokea amri zake hulegea, hucheza-cheza wenyewe chini ya ngozi, kisha husinyaa. Katika nchi za Ulaya watu wawili hivi kati ya kila 100,000 huupata kila mwaka, na wengi wao huishi miaka miwili hadi minne tangu dalili ya kwanza, ingawa wapo wachache wanaoishi zaidi ya kumi. Kuona, kusikia na kuhisi mguso kwa kawaida hubaki. Moyo nao hauguswi, kwa kuwa una mapigo yake wenyewe yasiyongoja amri ya neva za mwendo.

Upumuaji haukupata bahati hiyo ya moyo. Tunapumua tukiwa usingizini bila kufikiri, na kwa hiyo tunadhani kupumua ni kazi inayojiendesha, lakini misuli inayoifanya kazi hiyo ni ya aina ileile inayoinua mkono au kukunja goti, na inatawaliwa na chembe za neva za aina ileile zinazokufa katika ugonjwa huu. Ndiyo maana mkono unaoshindwa kufunga kifungo leo unaweza kufuatwa, baada ya miezi kadhaa, na kifua kinachoshindwa kutanuka. Kwa wachache kifua hutangulia, na hao ndio mara nyingi hutibiwa pumu au ugonjwa wa moyo kwa muda mrefu kabla ya mtu kufikiria neva.

Aliyewahi kumtazama mhunzi akivukuta ataelewa haraka. Mivukuto haijivuti hewa yenyewe. Ni mkono wa mvukutaji unaoipanua ikajaa na kuibana ikatoa. Mapafu nayo hayana msuli wake wa kujitanua. Chini yake umetandazwa msuli mpana uitwao kiwambo, wengine wakiuita diaframu, wenye umbo la bakuli lililopinduliwa. Unapojikaza, bakuli hilo hushuka na kulalia tumbo, kifua hupata nafasi, na hewa huingia. Katika pumzi ya utulivu kiwambo hufanya theluthi mbili hivi ya kazi yote, na misuli iliyo kati ya mbavu hufanya sehemu kubwa ya iliyobaki. Misuli ya shingo ni akiba: huitwa kazini mtu anapopanda mlima au anapokimbia. Ukimwona mgonjwa aliyeketi kimya, hana homa wala hajatembea, lakini mishipa na misuli ya shingo yake inasimama kila anapovuta pumzi, jua kwamba anaishi kwa akiba.

Kiwambo hupokea amri kupitia neva iitwayo freniki, ambayo chembe zake za asili ziko shingoni, kwenye pingili ya tatu hadi ya tano. Chembe hizo zikipungua, kiwambo hudhoofika taratibu, na hatimaye kinaweza kugeuka kuwa turubai lisilo na nguvu: badala ya kushuka kifua kinapotanuka, hufyonzwa kwenda juu. Hapo daktari akiweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa aliyelala chali huona jambo la kinyume, kwamba tumbo linabonyea ndani wakati wa kuvuta pumzi ilhali kwa mtu mzima wa afya lingeinuka.

Dalili za mwanzo hufuata mantiki ya maumbile hayo. Mtu akisimama au akiketi, uzito wa matumbo huvutwa chini na kukisaidia kiwambo kushuka. Akilala chali, msaada huo hugeuka mzigo, kwa kuwa matumbo husukuma kiwambo juu kuelekea kifuani. Ndiyo sababu malalamiko ya kwanza huwa ni kushindwa kulala bila mito mitatu, au kuhamia kwenye kiti usiku, au kukosa pumzi anapoingia kwenye maji yanayofika kifuani.

Kisha kuna usingizi wenyewe. Katika ile hatua ya usingizi ambamo ndoto nyingi hutokea, mwili hulegeza karibu misuli yote ili tusitende tunayoyaota, na kiwambo peke yake hubaki na kazi ya kupumua. Mwenye kiwambo kizima hajui hata kwamba jambo hilo linatokea kila usiku. Mwenye kiwambo dhaifu hupoteza ghafla misuli ya shingo na ya mbavu aliyokuwa akiitegemea mchana kutwa, na pumzi yake huwa fupi mno. Ubongo humwamsha ili aokoke. Hulala tena, akafika tena kwenye ndoto, akaamshwa tena. Asubuhi hajui kwamba ameamka mara nyingi namna hiyo. Anajua tu kwamba amelala kwa muda wa saa nane na bado amechoka, kwamba kichwa kinauma hadi saa tatu hivi, kwamba hana hamu ya chai, na kwamba anasinzia katikati ya mazungumzo.

Kichwa hicho kinauma kwa sababu ya hewa ya ukaa, na hapa ndipo tunaporudi kwenye kifaa cha kidoleni. Kupumua kuna kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na kazi hizi mbili hazishindwi kwa namna moja. Mapafu yaliyoziba kwa nimonia hushindwa kwanza kupitisha oksijeni. Mapafu mazima yasiyovukutwa vya kutosha bado hupitisha oksijeni vizuri kutoka kwenye hewa kidogo inayoingia, lakini hewa ya ukaa, ambayo utokaji wake hutegemea wingi wa hewa inayopita, huanza kujilimbikiza kwenye damu. Kiwango chake cha kawaida katika damu ya ateri ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Kikipanda, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka, na kichwa huuma. Kikipanda zaidi huleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa, na mwisho kuzimia. Kifaa cha kidoleni hakiioni hewa ya ukaa hata kidogo. Kinaweza kuthibitisha hatari iliyokwisha kufika, hakiwezi kuthibitisha kwamba hatari haipo.

Madaktari wenyewe walijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio, ugonjwa ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu na ambao, ingawa unaletwa na virusi, huua chembe zilezile za mwendo zilizo katika ugwe wa uti wa mgongo. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani tangi la kumpumulisha mgonjwa aliyelazwa ndani yake, na vifaa sita vya kupumulisha vya kuvalishwa kifuani. Vipimo vya damu vya wagonjwa waliokuwa wakifa vilionyesha kiasi kikubwa cha bikaboneti, chumvi ya alkali inayotokana na hewa ya ukaa, na madaktari wakadhani damu imekuwa na alkali nyingi kwa sababu nyingine. Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi aliyeitwa kutoa rai, alikuwa na maelezo mengine: wagonjwa hawa wanakufa kwa hewa ya ukaa kwa sababu hawapumui vya kutosha, hata kama oksijeni wanayopewa inawafanya waonekane na rangi nzuri. Tarehe 27 Agosti alimtoboa koo msichana wa miaka 12, akaingiza mpira, na kumpumulisha kwa kubinya mfuko kwa mkono mpaka akatulia. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliajiriwa kwa zamu, usiku na mchana, kubinya mifuko hiyo kwa mikono. Hospitali ambayo ilikuwa ikipoteza karibu tisa katika kila wagonjwa kumi wa aina hiyo iliona vifo vikishuka hadi chini ya nusu. Vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo vilizaliwa katika mabweni hayo ya wagonjwa, na vilizaliwa kutokana na kuelewa tofauti kati ya kumpa mtu oksijeni na kumpumulisha.

Tofauti hiyo bado husahauliwa. Mgonjwa wa neva za mwendo anapofikishwa hospitali akihema, jambo la kwanza linalofikiriwa ni mtungi wa oksijeni, na kwa mtu ambaye hewa ya ukaa imekwisha kupanda, oksijeni peke yake inaweza kumdhuru. Namba ya kidoleni hupanda hadi 99, kila mtu hufurahi, na wakati huohuo msukumo wa ubongo wa kutaka kupumua, ambao ulikuwa umeanza kutegemea upungufu wa oksijeni, hupoa. Pumzi huwa chache zaidi, hewa ya ukaa hupanda zaidi, na mgonjwa hulala usingizi ambao ndugu huuchukulia kuwa nafuu. Haina maana kwamba oksijeni ni marufuku. Akiwa na nimonia anaweza kuihitaji, na siku za mwisho inaweza kutumika kwa ajili ya faraja. Maana yake ni kwamba itolewe kwa kipimo, na kwamba mahali pa kwanza ni pa mashine inayosukuma hewa. Nadhani kila mgonjwa angepaswa kubeba karatasi yenye maneno hayo mfukoni, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku huenda hajawahi kuuona ugonjwa huu.

Je, udhaifu huo hupimwaje mapema? Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha spirometa, ambapo mtu huvuta pumzi yote anayoweza kisha huipuliza yote kwenye bomba, na kiasi hicho hulinganishwa na kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, urefu na jinsia yake. Kikipimwa mara mbili, mgonjwa akiwa ameketi na akiwa amelala chali, tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili huonyesha udhaifu wa kiwambo. Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba kinahitaji midomo inayoweza kulibana bomba, na wapo wagonjwa ambao midomo ndiyo iliyodhoofika kwanza, hivyo hewa huvuja na namba hutoka mbaya kuliko hali halisi. Kwao hutumika kipimo cha pua: kiziba kidogo huwekwa katika tundu moja, na mgonjwa huvuta hewa ghafla kwa tundu la pili, kama mtu anayenusa kitu kwa nguvu. Damu ya ateri, au ile inayotolewa kwenye ncha ya sikio lililopashwa joto, hupimwa hewa ya ukaa moja kwa moja.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, uliotolewa mwaka 2016, unashauri kazi ya upumuaji ipimwe mara mgonjwa anapotambuliwa na kisha takriban kila miezi miwili hadi mitatu. Ujazo wa pumzi ukishuka chini ya asilimia 50 ya kinachotarajiwa, au chini ya asilimia 80 kwa mtu mwenye dalili, hasa ya kushindwa kulala chali, mazungumzo kuhusu mashine yanapaswa kuanza. Vivyo hivyo nguvu ya kuvuta kwa pua ikiwa chini ya sentimita 40 za maji, ambazo ni kipimo cha msukumo. Namba hizi zina kazi yake, lakini mtu asingoje namba ikiwa mgonjwa haamki vizuri. Swali la «unalala na mito mingapi?» halina gharama yoyote, na katika hospitali isiyo na vifaa hivyo ndilo kipimo bora kilichopo.

Mashine inayotumika huitwa ya msaada wa upumuaji usiohitaji kutoboa mwili. Ni kisanduku chenye ukubwa wa redio ya mezani, mpira mrefu, na barakoa inayofunika pua, au pua na mdomo. Mgonjwa anapoanza kuvuta pumzi, mashine huhisi jaribio hilo na kusukuma hewa kwa nguvu. Anapotoa, hushusha msukumo ili atoe kwa urahisi. Na akikawia kuvuta, humvutia yenyewe. Ngazi hizo mbili za msukumo ndizo siri yake. Zipo mashine nyingine zenye msukumo wa ngazi moja, zilizoonekana sana wakati wa UVIKO-19 na zinazotumika pia kwa watoto wachanga na kwa wanaokoroma hadi pumzi kukatika. Hizo huacha njia ya hewa wazi lakini hazifanyi kazi ya msuli, na kumpa mgonjwa wa neva za mwendo mashine ya aina hiyo ni kumwongezea ukinzani wa kupumulia. Kwa nje masanduku hayo hufanana sana, kwa hiyo familia inayonunua iliyotumika ina haki ya kuuliza swali hilo kabla ya kutoa fedha.

Ushahidi kwamba mashine husaidia ulitoka Newcastle, Uingereza, mwaka 2006, katika utafiti wa wagonjwa 41 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipata mashine na wengine wakipata huduma ya kawaida. Miongoni mwa waliokuwa bado na misuli ya koo yenye nguvu ya kadiri, waliopata mashine waliishi muda wa kati (ule ambao nusu yao waliupita na nusu hawakuufikia) wa siku 216, na ambao hawakuipata siku 11. Watu 41 ni wachache, lakini tofauti ya siku 205 haikuweza kupuuzwa, na ni kubwa kuliko miezi miwili hadi mitatu inayohusishwa na riluzoli, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1995. Waliokuwa na koo dhaifu sana hawakuongezewa siku, ingawa usingizi wao uliboreka. Ieleweke pia kwamba mashine haizuii ugonjwa. Misuli huendelea kufa. Mashine hubeba mzigo ambao misuli hiyo haiwezi tena kuubeba.

Kuizoea ni kazi. Usiku wa kwanza wengi huivua baada ya dakika kumi, wakisema wanahisi kama wamezibwa uso na upepo wa pikipiki. Wauguzi wazoefu huanza mchana, mgonjwa akiwa ameketi na kuangalia televisheni, kwa msukumo mdogo, kisha huongeza taratibu siku hadi siku. Barakoa isipokaa vizuri hupuliza machoni na kuchubua daraja la pua, na kidonda hicho kidogo kimewafanya watu kuacha tiba ambayo ingewapa miezi. Pua ikikauka huongezwa kifaa cha unyevunyevu. Kinachopuuzwa mara nyingi ni akili: karibu nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko fulani ya fikra au tabia, na wachache hupata upungufu mkubwa wa akili, hivyo mtu anayekataa barakoa kila usiku huenda si mkaidi, ila haelewi tena ni ya nini. Baada ya muda saa za usiku huwa hazitoshi. Huongezeka saa za mchana, mpaka wengine hufika mahali pa kuivua kwa ajili ya kula na kunawa uso tu.

Na kula kwenyewe kunahusiana na pumzi. Misuli ya kinywa na koo ni walinzi wa njia ya hewa, na ikidhoofika, mate, chai na wali huingia pasipostahili. Mwenye afya angekohoa na yakaisha. Kukohoa, hata hivyo, si kitendo kimoja bali ni vitatu mfululizo: kuvuta pumzi kubwa, kufunga koo, kisha kukaza misuli ya tumbo na kulifungua koo ghafla. Ugonjwa huu unaweza kuharibu vyote vitatu. Kasi ya hewa ya kikohozi cha mtu mzima mwenye afya huzidi lita 360 kwa dakika. Ikishuka chini ya 270 mafua ya kawaida yanaweza kuleta nimonia, na chini ya 160 makohozi hayatoki hata mtu ajitahidi vipi. Kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo familia inaweza kufanya mengi kwa fedha kidogo kuliko mahali pengine popote. Mfuko wa kubinya wenye vali ya kuzuia hewa isirudi unaweza kutumika kumrundikia mgonjwa pumzi mbili au tatu juu ya nyingine mpaka kifua kijae, halafu msaidizi, akiwa amefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, akasukuma chini ya mbavu kwa viganja vyote viwili wakati mgonjwa anapokohoa. Ipo pia mashine ya kukohoza, inayojaza hewa kisha kuifyonza ghafla, na pampu ya kunyonya mate. Mrija wa kulishia tumboni, kwa wanaouhitaji, ni afadhali uwekwe kabla ujazo wa pumzi haujashuka chini ya asilimia 50, kwa sababu upasuaji huo mdogo huwa wa hatari zaidi pumzi ikiisha.

Barakoa isipotosha, iliyobaki ni njia ya Ibsen: kutoboa koo na kuunganisha mashine moja kwa moja. Mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking, aliyeambiwa kuhusu ugonjwa wake mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21, alifika hapo mwaka 1985 alipougua nimonia huko Geneva. Madaktari walimwuliza mkewe kama mashine izimwe. Alikataa, akasafirishwa hadi Cambridge, koo likatobolewa, na sauti yake ya asili ikatoweka. Aliishi hadi 2018. Watu humtaja kama kielelezo, lakini yeye alikuwa wa pekee sana, kwa kuwa ugonjwa wake ulikwenda polepole mno na alizungukwa na wauguzi saa 24. Japani wagonjwa wengi huchagua njia hii, wakibebwa na bima na huduma za serikali za nyumbani. Uingereza huichagua wachache mno. Mgonjwa huyohuyo, mwenye mapafu hayohayo, anaweza kuishi miaka mingi zaidi au michache kulingana na nani atakayelala kando ya kitanda chake usiku. Mrija wa koo unahitaji kunyonywa makohozi saa zote, na ugonjwa ukiendelea unaweza kumfikisha mtu mahali ambapo hawezi hata kupepesa jicho kujibu ndiyo au hapana. Wazo la kukishtua kiwambo kwa umeme, lililovutia wengi, lilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 74, na matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa mabaya: waliowekewa kifaa pamoja na barakoa waliishi muda wa kati wa miezi 11, na wa barakoa pekee miezi 22.5.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, swali linalofuata ni la umeme. Mgonjwa anayetumia mashine kwa saa nne usiku anaweza kuvumilia umeme ukikatika. Anayeitegemea saa 20 hawezi. Betri ya mashine yenyewe, betri ya gari yenye kigeuzi, na mfuko wa kubinya kwa mkono vinapaswa kuwepo kabla ya siku hiyo, na wasiopungua watu wawili nyumbani wajue kuubinya mfuko huo, pumzi moja kila baada ya sekunde nne hivi, barakoa ikibanwa usoni. Si jambo la ajabu. Wanafunzi wa Copenhagen walifanya hivyohivyo kwa miezi.

Lipo pia suala ambalo watu huliahirisha mpaka liwakute. Wagonjwa wengi huogopa kwamba watakufa wakikabwa. Uzoefu wa wauguzi wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya ugonjwa usiopona, ni tofauti: kwa kawaida hewa ya ukaa hupanda, mtu hulala usingizi unaozidi kuwa mzito, na pumzi hukoma kimya kimya, mara nyingi usiku. Pale penye hofu na kuhema, mofini ya kunywa kwa kipimo kidogo hupunguza hisia ya kukosa pumzi, na ikitumiwa kwa kipimo sahihi haimkatizi mtu uhai kama inavyohofiwa. Uganda imekwenda mbali katika hili: tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini umekuwa ukichanganywa na maji kuwa dawa ya kunywa ya bei nafuu, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea fani hiyo kuiandika. Mgonjwa wa neva za mwendo ana haki ya dawa hiyohiyo anayopewa mgonjwa wa saratani, na daktari akisita, aulizwe kuhusu dalili yenyewe badala ya jina la ugonjwa.

Anayetumia mashine mchana kutwa anaweza pia kufika siku ya kusema kwamba imetosha. Akisema hivyo akiwa na akili timamu, barakoa haivuliwi ghafla. Kwanza hupewa dawa za kumtuliza, husubiriwa mpaka alale, msukumo hushushwa kidogo kidogo, na mtu anayemfahamu hubaki ameshika mkono wake. Mazungumzo hayo ni mepesi zaidi yakifanyika miezi mingi kabla, wakati bado ana sauti ya kusema anachotaka, na wakati swali lililo mezani bado ni lile la idadi ya mito.